Bi Mapipa na Maji Yaliyolala Juu ya Watoto

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wateja ambao shuka zenu bado ziko kwenye kamba: tunayemsindikiza leo ni Bi Mapipa. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha nyuzi, mtoto wa tatu na wa kike pekee wa mama dobi na baba mlinzi wa kiwanda hichohicho. Mvua ilikuwa inanyesha na bati lilikuwa linavuja, kwa hiyo mkunga alikuwa na beseni moja la mtoto na jingine la bati. Mama yake alizoea kusimulia kwamba mtoto yule, badala ya kulia, alifumbua macho akatazama juu. Tunashuku hadithi hiyo ilitungwa baada ya mwaka 1994, kwa sababu mtakazozisikia hivi punde.

Alikuwa mwoga tangu utotoni. Aliogopa ngazi, aliogopa visima, aliogopa bata mzinga wa jirani ambaye hata hivyo kila mtu alimwogopa. Tunalisema hili bila kumvunjia heshima. Wapo watu hapa leo ambao woga huo ndio uliowatoa mlangoni.

Alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na kituo cha zimamoto, kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Hakuwa wa kwanza darasani, wala wa mwisho. Anakumbukwa kwa siku ambayo mwalimu wa hesabu aliuliza swali la mtego: kilo ya pamba na kilo ya chuma, ipi nzito? Darasa zima likapaza sauti, "Chuma!" Mwalimu akatabasamu, kawapata. Ndipo mtoto wa dobi aliponyoosha kidole.

"Samahani, mwalimu. Hiyo pamba imelowa au kavu?"

Alitolewa nje kwa utovu wa nidhamu. Alisimama ukutani mpaka kengele ikalia, na mpaka uzeeni aliamini kwamba lilikuwa swali halali.

Alipomaliza shule aliingia kwenye kazi ya mama yake. Mwaka 1977 alikodi paa la jengo refu lisilo na ghorofa, nyuma ya hospitali. Lilikuwa paa la zege, bapa kama meza, na jua lilipiga pale tangu asubuhi hadi jioni. Kwa dobi, mahali kama pale ni shamba. Shida ilikuwa moja: kulifikia kulihitaji ngazi. Fundi wa kuchomelea aliyeitwa kutengeneza ngazi ya chuma alikuwa kijana mwenye umbo la kabati, ambaye mtaani walimwita Fundi Tani. Alipomaliza kazi, marehemu alisimama chini, mikono kiunoni.

"Itabeba?"

"Itabeba nini?"

"Mtu."

Fundi Tani alipanda hadi katikati, akaruka mara mbili palepale, akashuka akijifuta mikono. "Ikinibeba mimi, dada yangu, itakubeba wewe na ukoo wako wote, na mume wako juu."

"Sina mume."

"Ahaa. Nilitaka kujua tu."

Walifunga ndoa tarehe 6 Mei 1978, wakajaliwa watoto wanne. Fundi Tani hakuwa mtu wa maua wala maneno. Alikuwa mtu wa mapipa. Kila mtoto alipozaliwa alimletea mkewe pipa la lita mia mbili kutoka karakana, akiwa amelisafisha na kulipaka rangi. Kila walipogombana na kupatana, alileta jingine. Kufikia mwaka 1994 mapipa yalikuwa tisa. Watoto ni wanne, kwa hiyo mnaweza kuhesabu ugomvi.

Mapipa yote tisa yalikaa katikati ya paa, yamepangwa duara. Pembeni kulikuwa na kamba za kuanikia, halafu duara lina raha yake: kila mfuaji anamwona mwenzake usoni, na habari ya mtaa inazunguka bila kupotea njiani. Mkuu wa duara alikuwa wifi yake marehemu, dada wa Fundi Tani, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kubeba pipa lililojaa. Maji yalipanda kwa ndoo, na ndoo si kitu. Kila mwanamke pale alikuwa amebeba ndoo tangu ana miaka sita. Unaimwaga, unaisahau, unafuata nyingine. Ikija jioni, hakuna anayejumlisha. Juu ya maji hayo weka blanketi za hospitali zilizolowa, weka wanawake watano wenye afya njema, weka na maji ya mvua yanayotuama kwa sababu nyuzi za nguo zimeziba tundu la kutolea maji. Yote hayo yalikaa pale mwaka baada ya mwaka, na chini palikuwa na stoo ya chupa tupu, basi hata kama kitu kililia, kililia kwenye chupa.

Mwaka 1990 mwenye jengo aliitoa stoo akaleta chekechea. Mwalimu wake, ambaye yuko nasi hapa, alikuwa na watoto ishirini na sita waliolala mchana kwenye mikeka, na shuka zao ndogo zilifuliwa juu. Uhusiano ulianza vizuri, ukaharibika kwa sababu ya vumbi. Shuka zilikuja kufuliwa zikiwa na chengachenga nyeupe, kila wiki, na kila wiki zaidi. Marehemu alikuwa anazikung'uta mlangoni ili watu waone.

"Mwalimu, hawa watoto wanafundishwa au wanapakwa chaki?"

"Chaki zangu ziko kwenye kopo, Bi Mapipa. Hiyo ni sabuni yako. Jifunze kusuuza."

"Mimi nisuuze? Mama yangu alinizaa nasuuza!"

Ugomvi huo uliendelea karibu mwaka mzima, wote wawili wakiwa hodari, na wote wawili wakiwa wamekosea.

Siku ya Alhamisi, tarehe 17 Machi 1994, baada ya mvua ya siku mbili, marehemu alishuka na furushi la shuka safi. Kwa kawaida aliliacha mlangoni. Siku hiyo aliona kwa dirisha kwamba watoto wamelala, na Mwalimu yuko pembeni anakata karatasi, akalitua furushi uani chini ya mti, akaingia. Alikuwa ameamua kutafuta chaki kwa macho yake na kumaliza kesi.

Kopo la chaki lilikuwa mbali, juu ya kabati, limefungwa. Marehemu alishangaa kidogo. Akainama kumtazama mtoto aliyelala katikati ya chumba, mtoto wa miaka minne hivi, mdomo wazi. Kope za mtoto yule zilikuwa nyeupe.

Akatazama juu.

Alieleza baadaye kwamba mwanzoni hakuelewa anachokiona, kwa sababu dari halipaswi kuwa na tumbo. Lile lilikuwa nalo. Lilikuwa limebonyea katikati, na kuzunguka tumbo hilo kulikuwa na ufa. Ufa ule ulikuwa duara. Alilijua duara lile. Alikuwa amekaa ndani yake miaka kumi na saba, anacheka. Na wakati amesimama hivyo, juu kule Redio alifika mwisho wa hadithi yake, wanawake wakaangua kicheko, na vumbi likashuka polepole likatua kwenye nyuso za watoto.

Alitaka kupiga kelele, sauti haikuja, na siku zote alishukuru kwamba haikuja.

"Mwalimu," alinong'ona. "Amsha watoto."

"Umekuja tena na chaki zako?"

"Amsha watoto."

"Ndio kwanza wamelala. Bi Mapipa, kama ni ugomvi tutoke nje."

"Usipige kengele. Usipige makofi. Wabebe. Mmojammoja, upitie ukutani."

Mwalimu alifungua mdomo amjibu, akaona mwenzake hamtazami yeye, akafuata macho yake hadi juu. Mkasi ulimponyoka. Ulianguka kwenye mkeka, haukutoa sauti, lakini wote wawili waliinamisha vichwa.

Waliwabeba. Wengine walitembea wenyewe, macho nusu, wakiburuzwa kando ya ukuta kama siafu. Wengine walitolewa na shuka zao, wamekunjwa kama maandazi. Kila walipogusa mtoto mpya walisikia maji yakibubujika juu na mtu akiburuza ndoo. Kule uani chini ya mti Mwalimu alihesabu. Ishirini na watano. Akahesabu tena kwa kugusa vichwa. Ishirini na watano.

"Wote wapo?" marehemu aliuliza.

"Mmoja hayupo."

Sasa mtu huyu, ambaye alikuwa hawezi kupanda ngazi bila kufumba jicho moja, alirudi ndani peke yake. Aliinua mikeka. Alichungulia chini ya meza, nyuma ya kabati, ndani ya boksi la midoli. Alipita chini ya lile tumbo mara mbili, akitambaa, kana kwamba kuinama kungesaidia. Alisema aliongea na dari. Aliliambia, "Subiri kidogo. Nakuja kukutua. Subiri kidogo." Mtoto hakuwepo.

Mtoto alikuwa nje. Katika ile taharuki, Mwalimu alikuwa amemlaza juu ya furushi la shuka safi, naye akajizamisha humo akaendelea na usingizi. Redio humalizia hapa kwa kusema kwamba ndiyo mara pekee katika historia ya mtaa dobi kurudisha nguo zikiwa na mwenyewe ndani. Tangu siku hiyo mtoto yule anaitwa Furushi. Ana miaka thelathini na tano sasa, na bado analala popote.

Walibaki wanawake wa juu. Marehemu alipanda ngazi, kichwa kikatokeza kwenye ukingo wa paa.

"Wifi, nyamaza. Usiinuke."

"Kuna nini? Nyoka?"

"Laiti angekuwa nyoka. Njooni mmojammoja. Msikimbie. Pitieni pembeni, kwenye ukuta, msikanyage katikati."

Redio alinyamaza. Wanaomjua wataelewa uzito wa siku ile.

Fundi Tani alifika mbio kutoka karakana, kofia ya kuchomelea bado kichwani, akakamata ngazi.

"Usithubutu!" mkewe alimpigia kelele, kelele yake ya kwanza siku hiyo. "Baba Watoto, wewe kaa hukohuko! Wewe ni mapipa mengine!"

"Basi shuka tuyaache."

"Yakikaa yanaendelea kuvunja. Watu wanapita humu. Wewe zuia watu."

Akaenda peke yake. Kwanza alizibua tundu la maji kwa mti wa kuinulia kamba. Kisha akaanza kuyateka maji yaleyale, kwa ndoo ileile, na kuyamwaga ukingoni, ndoo baada ya ndoo, kwa njia ileile yalivyokuja. Kusukuma pipa lianguke hakuthubutu. Hatua moja, anasikiliza. Hatua nyingine, anasikiliza. Mumewe alisimama chini akimwagikiwa maji ya sabuni, hakusogea, kwa sababu akisogea hatamwona.

Akiwa kwenye pipa la nne, kitu kiliachia chini ya miguu yake. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mtu aliyetupa gunia la mchanga chumba cha pili. Vumbi likatoka madirishani.

"Mama Watoto?" Fundi Tani aliita. Akaita tena. "Mama Watoto!"

"Nipo."

"Paa?"

"Lipo." Kisha akaongeza, "Chungulia mikekani."

Alichungulia. Kipande cha dari, plasta na zege pamoja, kilikuwa kimelala katikati ya mikeka, upana wa kitanda cha mtu mmoja. Hakumwambia mkewe ukubwa wake mpaka aliposhuka, na alipomwambia, mkewe alikaa chini kwenye matope.

Mhandisi aliyekuja kesho yake alikuwa mwanamama mpole mwenye nyundo ndogo. Aligonga dari huku na huku akasikiliza, akaonyesha nondo zilizoliwa na kutu kwa maji yaliyokuwa yanapenya miaka yote. Kisha alikaa na marehemu kwenye ngazi akamfafanulia mpaka akaelewa. Paa lile lilijengwa libebe watu wachache wanaopita na nguo zinazokauka, uzito uliotawanyika. Kitu kizito kikikaa karibu na ukuta, ukuta unakipokea. Kikikaa katikati, paa linakibeba peke yake. Na paa linazeeka: lilichobeba mwaka wa kwanza si lazima likibebe mwaka wa kumi na saba.

"Pipa moja likijaa ni kilo mia mbili, bila chuma chenyewe," mhandisi alisema. "Mumeo ana kilo ngapi?"

"Mia. Akiwa hajala."

"Basi kila pipa ni waume wawili."

Marehemu alihesabu kwa vidole. "Nimeweka waume kumi na wanane juu ya watoto wa watu? Mimi huyu mmoja tu ananishinda!" Alicheka, halafu akalia, na mhandisi akamwacha alie.

"Lingeanguka lini?" aliuliza baadaye.

"Sijui, mama. Labda jana ileile. Labda baada ya miaka mitano. Mtu akikwambia anajua siku, anakudanganya."

Jibu hilo hakupona nalo. Kama lingeporomoka lote, angekuwa shujaa. Kama mhandisi angesema halikuwa na hatari, angekuwa mwoga tu wa kawaida. Alibaki katikati, na katikati hapambebi mtu.

Mapipa yalihamia uani, chini, kwenye ardhi, na hapo alifanya kazi mpaka mwaka 2021. Lakini macho hayakushuka tena. Aliingia harusini akatazama dari kabla ya kutazama bibi harusi. Aliwahi kusimamisha sherehe ya kuhitimu ili vijana washuke kwenye kibaraza cha juu walikokuwa wanaruka, na akatukanwa na mzazi mmoja ambaye jina lake tunalihifadhi kwa kuwa amechangia jeneza. Kipimo chake kilikuwa kilekile. "Hilo tangi la maji ni waume wangapi?" Mwanawe wa pili alipojenga nyumba, akamkaribisha kwa fahari, alisimama getini bila kuingia.

"Mama, karibu ndani."

"Lita ngapi lile tangi juu?"

"Elfu moja tu, mama. Kila mtu anaweka."

"Waume kumi. Wamesimama juu ya nini?"

"Mama, jamani, leo siku ya furaha."

"Nimekuuliza wamesimama juu ya nini."

Walikuwa wamesimama juu ya kitanda cha mjukuu. Mwanawe alinuna wiki tatu, halafu akajenga mnara wa tangi uani. Hakusema kwamba mama alikuwa sahihi. Alimwalika tena tu, naye mama akaingia.

Na kila chekechea ilipofunga mwaka, alikwenda kwa Mwalimu, ambaye tangu siku ile walikuwa kama ndugu, akamuuliza swali moja. "Wote wapo?" Mwalimu alijua anauliza juu ya nani. "Wote wapo." Watoto wale wakamaliza shule, wakaota ndevu, wakaoa na kuolewa, na swali halikubadilika.

Mwezi Oktoba 2023 miguu ilianza kumvimba. Hospitali ileile aliyoifulia blanketi ilimwambia kwamba moyo umechoka na maji yanajikusanya mwilini. 

"Daktari, na wewe unaniletea habari za maji?"

"Ndiyo, mama. Yamefika kwenye mapafu. Tutayatoa kidogokidogo."

"Ni waume wangapi?"

Daktari hakuelewa, ikabidi Fundi Tani asimame ili aonekane. "Aa. Hapana, mama, hata robo yake haifiki."

"Hata ndoo huwa haifiki," alisema. "Yatoe."

Yalitolewa, yakarudi, yakatolewa. Jumapili tarehe 1 Juni 2025 Mwalimu alikwenda kumwona, akaulizwa, akajibu kwamba wote wapo na Furushi amepata mtoto wa pili. Asubuhi iliyofuata, Jumatatu, pumzi ilikuwa nzito. Hatutasema aliondoka kwa utulivu, kwa sababu angetucheka. Aliogopa. Alishika chuma cha kitanda, macho juu, akamuuliza mumewe, "Hapa juu kuna nini?"

Fundi Tani angeweza kusema neno lolote la kumtuliza. Badala yake alitoka, akamuuliza muuguzi, akazunguka nyuma ya wodi na kuangalia kwa macho yake, mzee wa miaka sabini na mbili mwenye magoti mabovu. Akarudi akihema, akakaa.

"Juu hakuna kitu, Mama Watoto. Nimeangalia. Ni bati tu, na juu ya bati ni anga."

Akaachia kile chuma. Alifariki saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mumewe.

Marehemu ameacha mume, Fundi Tani. Watoto wanne, wajukuu tisa, na mapipa tisa. Ameacha wifi, Redio, aliyeomba dakika mbili za kuongea; ni matumaini tu. Ameacha rafiki, Mwalimu. Ameacha watoto ishirini na sita wasio wake, na sita kati yao ndio watakaolibeba jeneza, Furushi akiwa mbele. Mwalimu amewahesabu pale getini, na anaomba tumwambie marehemu kwamba wote wapo.

Aliagiza mambo mawili. Watu wasipande kwenye paa la jirani kutazama mazishi. Wale vijana watatu mlioko huko sasa hivi, tunawaona, shukeni, mmojammoja. Na kaburi lake lisijengewe zege. Liwekwe udongo na majani tu, na maji yapite.

Apumzike kwa amani. Nasi tunaobaki juu yake tutembee polepole, tukipitia pembeni.